Kupauka, Kufifia, Kuchujuka: Istilahi za Mabadiliko ya Rangi ya Viumbe wa Tangi la Kioo

Barua nyingi ambazo walimu na wafasiri hutuandikia huuliza neno: kitu fulani chaitwaje kwa Kiswahili sanifu? Chache huuliza jambo gumu zaidi, yaani neno ambalo tayari tunalo lina mipaka gani. Mwalimu mmoja wa baiolojia aishiye Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza katika barabara iendayo Shinyanga, ametuletea swali la namna hii ya pili, na kwa kuwa linawagusa wote wanaofasiri maandishi ya sayansi ya viumbe, tumeona afadhali kulijibu hapa kwa kirefu.

Nyumbani kwake mwalimu huyo ana tangi la kioo, na ndani yake furu aliowanunua kwa wavuvi wa Ghuba ya Mwanza. Alianza na madume watatu wenye migongo myekundu na mbavu za manjano. Baada ya siku chache wawili kati yao wakawa wa kijivu, wasioweza kutofautishwa na majike kwa urahisi. Akatafuta msaada katika kijitabu kilichorudufiwa, tafsiri ya mwongozo wa kigeni juu ya ufugaji wa viumbe wa majini, akasoma humo kwamba kiumbe aliyebadilika rangi na kupauka aongezewe mwanga. Akafunga taa kali juu ya tangi. Furu wale wakazidi kupoteza rangi, wakajificha nyuma ya mawe, na mmoja akaacha kula.

Kijitabu hakikusema uongo. Sentensi ile ilimhusu anemoni wa baharini, na kwake huyo ni shauri jema katika baadhi ya hali. Tatizo lilikuwa la maneno: mfasiri alitumia "kubadilika rangi", "kupauka" na "kufifia" kwa anemoni, kwa matumbawe, kwa samaki na hata kwa majani ya mimea ya majini, akipokezanisha maneno hayo ili yasichoshe masikio. Sote tulifundishwa katika madarasa ya insha kwamba kurudia neno moja ni umaskini wa lugha. Katika insha ni kweli. Katika maandishi ya istilahi, kubadilisha neno pasipo kubadilika kwa kitu ni kumdanganya msomaji, hata kama sentensi inapendeza.

Tuanze na huyo anemoni, maadam ndiye aliyesababisha taa kufungwa. Anemoni wa baharini ni mnyama, ijapokuwa atazamwapo mara ya kwanza hudhaniwa kuwa ua. Ni jamaa wa matumbawe na konyeza. Hana mifupa, mwili wake ni kama mfuko uliojaa maji, wenye kinywa upande wa juu na wayo upande wa chini ambao kwao hujishikiza mwambani. Kukizunguka kinywa ipo minyiri yenye seli ziwashazo. Neno "mnyiri" tumelizoea kwa pweza, wala hakuna sababu ya kutafuta jingine. Ziwa Victoria halina mnyama huyu. Makao yake ni baharini, naye aonekana katika miamba ya pwani yetu na ya visiwani.

Kinachowatia hofu wafugaji wapya ni kwamba umbo la anemoni halitulii. Asubuhi aweza kujaa maji akawa mara mbili ya kimo chake, na jioni akawa kidonge kisichozidi ngumi ya mtoto. Kwa kuwa ana tundu moja tu la kupokea chakula na kutoa taka, hana budi kuyatoa maji ya zamani na kuingiza mapya, na katika kufanya hivyo hupungua mwili wote. Huko Scotland alikuwapo anemoni mmoja aliyechukuliwa pwani mwaka 1828 na mtaalamu John Dalyell, akafugwa ndani ya chupa huko Edinburgh, akarithiwa na mlezi mmoja baada ya mwingine hata akafa mwaka 1887. Kwa takriban miaka 60 alijaa na kupungua, na walezi wake wote wanne au zaidi wangeweza kusema kila siku kwamba amebadilika.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri hawautumii. Mguu wenye maradhi huvimba, lakini bunju akishikwa hutuna. Jani lililokosa maji husinyaa, lakini mtu aliyetishwa hunywea, kisha hofu ikiondoka hurudi katika hali yake. Kwa hiyo tunapendekeza "kutuna" na "kunywea" kwa mabadiliko ya kawaida ya umbo la anemoni, yale yajayo na kuondoka, na "kuvimba" na "kusinyaa" yaachiwe hali za ugonjwa na udhaifu. Anemoni anayenywea kwa saa chache aachwe. Anemoni ambaye wayo wake umeuachia mwamba, kinywa kimebaki wazi na mwili unaanza kuyeyuka, huyo hanywei. Anaoza, na yafaa aondolewe kabla hajayaharibu maji ya wenzake.

Kuhusu rangi yake, sehemu kubwa ya ile hudhurungi tuionayo si ya anemoni mwenyewe. Ni ya mwani wadogo sana, waonekanao kwa hadubini tu, ambao huishi ndani ya seli zake, hutengeneza chakula kwa nguvu za mwanga, na kumgawia mwenyeji wao sehemu yake. Maji yakizidi joto, au mwanga ukiwa mdogo mno au mkali kwa ghafla, ushirika huo huvunjika na mwani hutoka. Anayebaki ni mnyama mweupe au wa kupitisha mwanga, hai lakini mwenye njaa. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kupauka. Neno lilipata nguvu katika maandishi yetu kwa sababu ya matumbawe, hasa baada ya mwaka 1998, wakati maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida na matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania yakapauka kwa wingi na mengi kufa. Katika lugha ya kila siku ngozi isiyopakwa mafuta itaendelea kupauka, na hakuna wa kuizuia. Bali katika maandishi ya sayansi ya majini tunashauri neno lishike maana moja: kupauka ni kupoteza mwani waishio ndani ya mwili wa mnyama. Hapo shauri la kuongeza mwanga laeleweka, iwapo tangi lilikuwa na giza.

Furu hana mwani mwilini mwake. Basi kwa maana hii furu hawezi kupauka, na taa ya mwalimu wa Buhongwa ilikuwa dawa ya maradhi ya mtu mwingine.

Yafaa kusema kidogo furu ni nani, kwa ajili ya wasomaji wa mbali na ziwa. Ni jina la jumla la samaki wadogo, aghalabu wasiozidi urefu wa kiganja, ambao Waganda huwaita nkejje na Wajaluo fulu. Katika Ziwa Victoria pekee wataalamu hukadiria kuwa zilikuwapo spishi zipatazo 500, nyingi hazipatikani penginepo duniani, na inasadikiwa kwamba zimetokea katika muda usiozidi miaka 15,000 hivi tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena. Mmoja wao, yule mwenye mgongo mwekundu, alipewa jina la kisayansi mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere: leo huitwa Pundamilia nyererei. Jenasi yenyewe iliundwa mwaka 1998, na walioiunda walichukua neno la Kiswahili likiwa zima, kwa ajili ya milia myeusi ishukayo ubavuni mwa samaki. Ndugu yake wa rangi ya samawati huitwa Pundamilia pundamilia. Wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani, ambao hawajui Kiswahili hata salamu, hulitamka neno letu kila siku. Ingekuwa ajabu ikiwa sisi wenye neno tungeshindwa kueleza kwa lugha hiyo hiyo kwa nini milia ya samaki huyo huonekana leo na kesho isionekane.

Sababu ya kwanza ni cheo. Madume wa furu hugombea mahali. Mshindi, ambaye tunapendekeza aitwe dume mtawala, huvaa rangi zake zote. Aliyeshindwa huzificha, akafanana na jike ili asizidi kushambuliwa. Rangi hizo zimo ndani ya seli za ngozi, kwa umbo la punje ndogo sana. Punje zikisambaa ndani ya seli, rangi hukoza. Zikikusanyika katikati, rangi huondoka machoni ijapokuwa haijatoka mwilini. Kazi hii huongozwa na neva na homoni, na milia yaweza kujitokeza au kufichika wakati mtu angali anatazama. Mvuvi anayemtoa furu wavuni huiona kila siku: samaki aliyekuwa moto majini hufika ndooni akiwa majivu. Kwa hali hii tunapendekeza jozi "kukoza" na "kufifia". Taa hufifia na hukoza tena, sauti hufifia na hurudi. Neno lina ahadi ya kurejea, na ahadi hiyo ndiyo maana ya kisayansi inayotakiwa. Madume wawili wa Buhongwa walikuwa wamefifia, na walichohitaji ni mawe zaidi ya kujifichia, tangi kubwa zaidi, au kutengwa kwa yule wa tatu. Mwanga mkali uliwaondolea hata kivuli walichokuwa nacho.

Sababu ya pili huja polepole, kwa majuma. Wekundu na umanjano wa samaki hutegemea rangi za asili ambazo mwili wake hauwezi kuzitengeneza. Huzipata katika chakula, kama vile wadudu na viumbe wadogo wa majini wenye magamba. Furu alishwaye pumba na ugali peke yake ataishi, lakini wekundu wake utapungua siku hata siku, na kumwondoa dume mtawala hakutamrudishia. Mtu yeyote aliyewahi kuanika kanga mpya analo neno la jambo hili: imechujuka. Kanga haifichi rangi yake. Imeipoteza, na haitarudi ila ikitiwa nyingine. Tunapendekeza "kuchujuka" kwa upungufu wa rangi utokanao na chakula. Samawati haichujuki kwa njia hii, kwa kuwa katika samaki rangi hiyo aghalabu hutokana na jinsi fuwele ndogo za ngozini zinavyourudisha mwanga, wala si na rangi iliyoliwa.

Ugonjwa ni jambo la tatu, nasi tutalipitia upesi. Punje nyeupe kama chumvi, au uzi mweupe kama pamba juu ya jeraha, si mabadiliko ya rangi ya samaki hata kidogo. Ni viumbe wengine waliomvamia, na wasitajwe kwa vitenzi vya rangi. Samaki aliyepoteza nuru ya mwili mzima kwa maradhi asemwe "amesawijika", neno ambalo wazee hulitumia kwa uso wa mgonjwa na ambalo halijapata kazi katika sayansi.

Huenda msomaji aliye ofisini akauliza kwa nini Baraza lihangaike na tangi la mtu mmoja. Jibu liko umbali wa kilometa chache kutoka Buhongwa, ndani ya ghuba yenyewe. Mwaka 1997 wataalamu Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha uchunguzi wao juu ya furu wa ziwa hili. Waligundua kwamba jike huwatambua madume wa spishi yake kwa rangi. Ndani ya matangi, chini ya mwanga mweupe, majike wa spishi mbili waliwachagua madume wa kwao. Chini ya mwanga wa rangi moja, ambamo mwekundu na wa samawati hawapambanuki, walikosa la kuchagulia. Na ziwani, mahali maji yalipokuwa maangavu spishi zilikuwa nyingi na rangi zao zimekoza. Mahali yalipochafuka kwa rutuba na matope yaletwayo na mito kutoka mashambani na mijini, rangi zilikuwa hafifu na spishi zilikuwa chache. Katika baadhi ya visiwa vya ghuba wapo furu wasio wekundu wala wa samawati, bali wa katikati.

Ni kitenzi gani kitumike hapa? Watakaosema "furu wamefifia" wataeleweka kwamba watarejea. Watakaosema "wamepauka" watamfanya afisa atafute mwani. Kwanza kabisa, katika maji machafu samaki mmoja mmoja huenda hajabadilika hata kidogo: ni maji yaliyoufyonza mwanga, na sentensi yafaa iwe na maji kuwa kiima chake. Maji hufyonza samawati, na samawati haionekani. Hatua ya pili, ya vizazi vingi, ndiyo ya kutisha: majike wasipopambanua, spishi mbili huzaana na kuwa moja. Hilo si badiliko la rangi tena. Tunalo neno "chotara" kwa mzawa wa kwanza, lakini kwa kuungana kwa spishi nzima tunapendekeza "myeyuko wa spishi", kwa mfano wa chumvi iyeyukayo majini: haikutoweka, ila huwezi tena kuichota peke yake.

Tofauti hii si ya anasa. Katika miaka ya 1980, sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliongezeka kupita kiasi, na spishi zipatazo 200 za furu zilidhaniwa kupotea. Furu aliyeliwa na sangara na furu aliyeyeyukia katika spishi nyingine wote huandikwa katika taarifa kwamba "hawaonekani tena", ilhali dawa ya mmoja ni uvuvi na dawa ya mwingine ni miti katika kingo za mito na maji taka yasiyofika ziwani. Taarifa isemayo "samaki wa eneo hili wamebadilika rangi" haimwambii mkurugenzi lolote. Yaweza kuwa ni msimu wa kuzaliana, yaweza kuwa ni maradhi, yaweza kuwa ni tope la mvua, na yaweza kuwa ni sumu. Wahusika wa uvuvi wa Mwanza hawajasahau mwaka 1999, wakati Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na wavuvi haramu. Katika hali ya namna ile, kitenzi kilichoandikwa ovyo katika taarifa kina gharama ya fedha.

Wapo watakaotuambia kwamba maneno kama kuchujuka na kunywea ni ya jikoni na ya kambani, hayana hadhi ya sayansi, na kwamba yafaa tukope ya Kilatini. Tungewakumbusha historia ya neno lenyewe la tangi la viumbe wa majini. Mwingereza Philip Henry Gosse, aliyelieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1854, alichukua neno la Kilatini, aquarium, ambalo kwa Warumi liliweza kumaanisha mahali pa kunyweshea ng'ombe. Msukuma angesema lambo. Wasomi wa Ulaya walilihamisha neno la machungani hadi sebuleni, na hakuna aliyecheka. Hatupendekezi kwamba tangi la kioo liitwe lambo, maana lambo lina kazi yake na ng'ombe wake. "Tangi la kioo" latosha, na "akwaria" litumike na wale walioizoea. Tunachosema ni kwamba neno halipati hadhi kwa kutoka mbali.

Mapendekezo haya bado hayajapitishwa, na hayawi sanifu kwa kuchapishwa hapa. Tunawaomba walimu, maafisa uvuvi na wafasiri wayajaribu katika kazi zao na kutuandikia yanapokwama. Tunahitaji hasa maneno ya wavuvi wa Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kizinza kwa rangi avaazo dume wakati wa kuzaliana. Atakayetuletea neno ataje pia mahali alipolisikia na samaki aliyekusudiwa, kwani jina la furu mmoja upande huu wa ghuba laweza kuwa la mwingine ng'ambo.

Neno moja bado linatushinda. Katika pezi la nyuma, chini ya tumbo, madume wengi wa furu wana madoa ya manjano au rangi ya chungwa yafananayo na mayai. Jike wa furu huatamia mayai kinywani. Ayaokotapo baada ya kuyataga, huyafuata na madoa yale, na kwa kulisogelea pezi hupata mbegu ya dume. Kijitabu cha Buhongwa kiliyaita "vidonda vya pezi", na mwalimu alikuwa ameanza kuyapaka dawa. Wengine katika idara yetu wanapendelea "mayai bandia", lakini bandia hudokeza hila, na haijathibitika kwamba jike hudanganywa kweli. Mwandishi wa makala haya anaelekea kwenye "madoa-yai", ambalo linaeleza lionekanalo na kuishia hapo.